Ramadhani 10: Khadija, jina la mtoto njiti

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu. Leo tunamaliza kumi la kwanza.

Siku kama ya leo, kwa walivyoandika wengi katika wanazuoni wa sira, alifariki mama yetu Khadija binti Khuwaylid (r.a.) mjini Makka. Ulikuwa mwaka wa 10 tangu Mtume wetu (s.a.w.) apewe utume, na Hijra ilikuwa bado kama miaka 3. Alizikwa Hajun, kwenye makaburi ambayo mahujaji wetu wanayajua kwa jina la Mu'alla. Swala ya jeneza ilikuwa haijafaradhishwa bado, na Mtume mwenyewe aliingia kaburini kumlaza mkewe. Mwaka huohuo alifariki pia ami yake Abu Talib, ndiyo maana ukaitwa mwaka wa huzuni.

Nilikuwa nimekusudia leo niandike sira yake kwa kifupi. Lakini wiki hii ndugu mmoja kanitumia swali, na nimeona jibu lake litawafaa wengi. Anasema: "Sheikh, mke wangu kajifungua mtoto wa kike akiwa na miezi saba. Tukampa jina la mama mkwe wangu, Khadija. Sasa nimesoma kwenye simu kwamba Khadija maana yake ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kapungukiwa. Mama yangu anasema jina ndilo linalomrudisha mtoto nyuma, tulibadilishe upesi. Tufanyeje?"

Hebu tuanze na maana, maana kwenye simu mtu husoma mstari mmoja akaondoka. Aliyosoma ndugu yetu ni kweli. Neno la Kiarabu ni khadaja, na asili yake iko kwa wafuga ngamia. Ngamia jike akizaa kabla ya siku zake kutimia, husemwa kwa neno hilo. Khadija basi, ukilitia kwenye Kiswahili chetu cha mtaani, ni njiti. Sisi tumelitoa jina kwenye umbo, kwa neno lilelile la njiti ya kiberiti. Waarabu wamelitoa kwenye wakati.

Ila wanazuoni wa lugha wameongeza jambo ambalo kwenye simu halikuandikwa. Wamepambanua maneno mawili yanayokaribiana. Khadaja hutumika mtoto akija kabla ya siku zake, hata kama umbo lake limekamilika. Akhdaja hutumika mtoto akija na kasoro ya umbo, hata kama siku zake zimetimia. Kwa hiyo Khadija ni yule aliyewahi. Vidole vyake kumi vipo, macho yapo, roho ipo. Kilichopungua ni siku. Na siku hakuzipunguza yeye, wala mama yake.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, nalo ni zito kuliko jina moja. Je, jina linaweza kumfunga mtu? Na mtu aliyekuja duniani na upungufu, upungufu huo ni wake kweli?

Sisi watu wa pwani tunayapenda majina na tunayaogopa. Mtoto akiugua-ugua utasikia "jina limemkataa", na kuna watu wazima leo wana majina mawili kwa sababu hiyo. Na wenye rai hiyo hawakosi hoja. Watasema: Mtume (s.a.w.) mwenyewe alibadilisha majina. Ni kweli. Yupo binti aliyeitwa Aasiya kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Yupo mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, akamtaka ajiite Sahl, wepesi. Yule bwana akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake, Said bin Musayyib, akaja kusimulia kwamba ugumu ule ulibaki katika familia yao. Kwa hiyo usinielewe kwamba nasema jina ni kelele tu. Kumchagulia mtoto jina zuri ni haki yake juu ya mzazi.

Lakini tazama na upande wa pili. Palikuwa na wanawake walioitwa Barra, maana yake mwema, mcha Mungu. Jina zuri kabisa, au siyo? Mtume (s.a.w.) akalibadilisha. Mmoja akawa Zainab, mwingine akawa Juwayriya. Sababu yake ni kwamba jina lile lilikuwa linamsifu mwenyewe, na anayejua nani mwema ni Allah. Sasa weka majina haya mawili pamoja. Aliyeitwa Mwema kabadilishiwa jina. Aliyeitwa Njiti aliishi na Mtume kama miaka 25, akamzalia watoto, na jina lake halikuguswa. Wajukuu wa umma huu wakaitwa Khadija kutoka Makka mpaka Mbagala.

Mimi nafahamu hivi. Jina linalodai ukamilifu liliondolewa, na jina linalokiri kwamba mtu alikuja na upungufu liliachwa, kwa sababu la pili halina uongo. Nani kati yetu alikuja duniani ametimia? Wote tulikuja uchi, hatujui lolote, hata shingo haikai sawa. Tofauti ya njiti na wa miezi tisa ni wiki kadhaa. Tofauti ya wa miezi tisa na mtu aliyekamilika ni umri mzima.

Na neno lilelile tunalo ndani ya swala zetu. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) amesema kuhusu swala ambayo haikusomwa Fatiha kwamba ni khidaj, akalirudia mara tatu, yaani pungufu, haikutimia. Mzizi ni mmoja na jina la mama yetu. Hapa ndugu yangu tulia kidogo. Swala ile imepungua kwa sababu mwenye kuswali ameacha alichoweza kukifanya. Mtoto njiti amepungukiwa siku ambazo hakuwa na uwezo nazo. Kuna upungufu unaopewa na kuna upungufu unaoutengeneza mwenyewe. Kesho kiyama tutaulizwa huo wa pili. Ajabu yetu wanadamu, huo wa kwanza ndio tunaocheka na kusengenya, huku wa pili tumeuzoea.

Sasa tumtazame mwenye jina aliishije. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara. Mali yake ilikwenda Sham kwa misafara, na ndivyo alivyomjua Muhammad (s.a.w.), alipompa bidhaa aende nazo pamoja na mtumishi wake Maysara, wakarudi na faida na habari za uaminifu. Nyinyi mnaohudhuria maulidi mnaisikia habari hii kila Barzanji inaposomwa. Yeye ndiye aliyetuma ujumbe wa posa kupitia kwa Nafisa. Watu wa Makka hata kabla ya Uislamu walimwita Tahira, aliyetakasika. Alizaa, na akazika: Qasim na Abdallah walikufa wadogo. Kwa hiyo mama yeyote wa Temeke aliyerudi kutoka hospitali mikono mitupu, ajue kwamba mama wa waumini naye aliyaonja hayo.

Usiku ule wa pango la Hira, nao ulikuwa katika Ramadhani, Mtume (s.a.w.) alirudi nyumbani anatetemeka akaomba afunikwe. Bibi Khadija alimfunika kwanza. Maswali yakaja baadaye. Kisha akamtuliza kwa kumhesabia matendo yake: unaunga udugu, unabeba mzigo wa mnyonge, unamkirimu mgeni, Allah hawezi kukufedhehesha. Halafu akampeleka kwa binamu yake Waraqa. Mtu wa kwanza kuamini ni huyu aliyeitwa Njiti.

Makuraishi walipowasusia Bani Hashim na kuwabana bondeni kama miaka 3, mwanamke huyu aliyezoea neema alikaa na njaa pamoja nao, mpaka mpwa wake Hakim bin Hizam akawa anampenyezea ngano kwa siri. Mali yake iliishia kwenye njia ya Allah. Baada ya hayo yote Jibril akamletea salamu kutoka kwa Mola wake, na bishara ya nyumba Peponi isiyo na kelele wala uchovu. Na miaka mingi baada ya kufariki kwake, Mtume (s.a.w.) akichinja mbuzi alikuwa anawapelekea fungu mashoga zake Khadija, mpaka Bibi Aisha (r.a.) akaona wivu juu ya mwanamke ambaye hata hakukutana naye kwenye ndoa.

Jina lilimpunguzia nini? Yeye ndiye aliyelipa jina maana mpya. Sisi wa Dar es Salaam tuna mfano mlangoni. Kariakoo ilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo ukisikia "naenda Kariakoo" unawaza wapagazi wa vita? Unawaza vitambaa, mizigo na bei ya jumla. Waliokaa pale na kufanya kazi ndio walioipa Kariakoo maana yake ya leo. Vivyo hivyo Khadija. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa yetu mwaka 1331, baadaye alikwenda visiwa vya Maldivi akawa kadhi huko, akamkuta anayetawala ni sultani mwanamke aitwaye Khadija, anaombewa dua mimbarini siku ya Ijumaa. Huku kwetu, hata asiyekanyaga msikiti anamjua Khadija Kopa wa taarabu. Na kwenye madaftari ya shule utakuta Khadija, Hadija, nyumbani Dija. Hakuna anayesikia majina hayo akawaza ngamia aliyezaa mapema.

Kwa hiyo jibu la ndugu yetu: usilibadilishe jina. Mwambie mama kwa adabu, umbusu mkono, umweleze haya. Usimwambie "hujui". Mwambie "mama, mjukuu wako ana jina la mkewe Mtume." Nadhani na suala la kwamba jina limetoka upande wa pili litapoa lenyewe.

Lakini nisingeandika leo kama suala lingeishia kwenye jina. Yapo mambo mawili mitaani kwetu yanayoniumiza.

La kwanza ni kuhesabu miezi kwa vidole. Binti kaolewa, kajifungua miezi saba baada ya nikahi, basi mtaa mzima mahesabu. "Mbona mapema?" Wengine wanamuuliza mume mbele ya watu. Ndugu zangu, mnajua mnacheza na nini? Katika zama za makhalifa waongofu aliletwa mwanamke aliyezaa mtoto wa miezi sita tangu aolewe, akatuhumiwa zinaa. Imam Ali (r.a.) akasimama na Qur'ani. Akasema Allah katika Suratul Ahqaf ametaja kubeba mimba na kumwachisha ziwa kuwa miezi 30 kwa jumla, na katika Suratul Baqara ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili, ambayo ni miezi 24. Ondoa 24 katika 30, inabaki 6. Hiyo ndiyo mimba fupi kabisa, na wanazuoni wameishika hukumu hiyo mpaka leo. Yaani hesabu ya kwanza aliyoifanya mwanachuoni juu ya mtoto njiti ilikuwa ya kumlinda mama yake. Sisi hesabu zetu ni za kumvunjia heshima. Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa, na umefunga tangu alfajiri!

La pili ni mtoto njiti kuonekana nusu mtu. "Huyo msimtolee hela nyingi, huyo hakai." Maneno haya yanasemwa. Sasa sikiliza sheria yako inamhesabuje. Akizaliwa hai, hata akilia mara moja akafa, anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa na anazikwa, na anarithi fungu kamili, si nusu. Hata mimba iliyoharibika baada ya kupuliziwa roho, wanazuoni wetu wa Kishafi wamependekeza ipewe jina. Na kwa kuwa tuko Ramadhani, chukua hili: mtoto aliyezaliwa kabla jua halijazama siku ya mwisho ya mwezi huu, akawa hai, baba yake atamtolea zakatul fitri. Kiasi gani? Pishi moja, sawasawa na anayojitolea yeye mwenyewe. Mtoto ana kilo moja na robo, yuko wodini na mipira puani, na mchele anaotolewa ni karibu mara mbili ya uzito wake. Sheria inamhesabu mtu mmoja mzima. Wewe umepata wapi nusu?

Wataalamu wa afya wanamwita njiti mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Duniani ni takriban mtoto 1 kati ya 10. Mwaka 2020 walizaliwa kama milioni 13.4. Kwa hiyo katika safu zetu za tarawehe wamo wengi waliokuja duniani hivyo, wengine hawajui. Na dawa yake kubwa mojawapo ni jambo ambalo halihitaji mashine: kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, apate joto na anyonye. Wanaiita njia ya kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978. Na baba anaweza kumbeba pia. Mwanaume wa Tandale unayeona haya kumweka mwanao kifuani, haya ya nini? Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, mtoto wa Zainab, yaani mjukuu wa Khadija.

Sasa nani anambeba mama? Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe muda wa likizo ya uzazi. Jambo jema, tumshukuru Allah na waliolipigania. Lakini mama lishe hana mwajiri. Mwenye meza ya nyanya Tandika, mwenye kuuza vitumbua asubuhi Mbagala, likizo yake ni siku ambayo hakuuza. Wiki sita yuko hospitali, mtaji umeliwa, mchezo wa kijumbe umempita, na nyumbani wapo watoto wengine. Huyo sheria ya kazi haimfikii. Sisi majirani ndio likizo yake. Tukimwacha, upungufu huo hautakuwa wa mtoto aliyewahi kuzaliwa. Utakuwa wetu, ule wa aina ya pili, wa kuacha tulichoweza.

Kwa kina mama wenyewe, neno moja la fikihi. Mama anayemkamulia maziwa mtoto njiti, akihofia kwamba kufunga kutapunguza maziwa na mtoto atadhurika, ana ruhusa kula. Asijione amepungukiwa imani. Akiihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku hizo baadaye. Akimhofia mtoto peke yake, kwa madhehebu yetu ya Kishafi atalipa pamoja na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mwenye shaka na hali yake aniulize faragha au awaone walimu wetu wa kike.

Kazi ya leo ndogo tu. Kila mmoja wetu, kabla ya magharibi, amtafute mama mmoja mwenye mtoto njiti. Anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa wodini Temeke, Mwananyamala au Amana. Mpelekee futari, au nauli, au khanga mbili safi za kumfunika mtoto. Asiye na kitu akamfulie nguo. Usimuulize miezi mingapi. Muulize jina la mtoto, na ukilisikia litamke lote, wala usimwite "kale ka njiti", kwani Suratul Hujurat imetukataza kuitana kwa lakabu mbaya. Wala usimpige picha mama ukaituma kwenye magrupu.

Na anayetaka kumuenzi Bibi Khadija siku ya kifo chake, huo ndio mwenendo wake. Alimfunika aliyekuwa anatetemeka.

Ewe Mola wetu, mrehemu mama yetu Khadija na utukutanishe naye. Wape afya watoto wetu waliowahi kuja, na wape subira na malipo wazazi ambao watoto wao walikaa saa chache wakaondoka. Tutimizie tuliyopungukiwa, na utusamehe tuliyoyapunguza wenyewe. Aamin.

Kesho in shaa Allah tutaanza kumi la pili. Tarawehe leo saa mbili kamili usiku. Wassalaam alaykum warahmatullah.